Hema Lilitutosha

Nakuandikia wewe unayelala kwa watu leo, nguo uliyovaa ndiyo mali iliyokubakia. Mimi ni mama wa hapa Nyakiriba, Rwanda. Nimepita huko.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua haikupumzika. Mto Sebeya ulifurika na milima ikaporomoka. Nilisikia kishindo nyuma ya jiko. Ukuta wa matofali ya udongo ukapasuka. Mume wangu akambeba mtoto mdogo, mimi nikamshika mama mkwe. Giza. Matope hadi magotini. Niliita. Kimya. Nikaita tena. Kulipokucha, nyumba ya jirani haikuwapo. Wenyewe hawakuwapo. Nchini walikufa watu zaidi ya 130, wengi huku Mkoa wa Magharibi.

Tulipelekwa kambini, tukalala hemani. Tulipewa chakula na blanketi, lakini kusali nilishindwa. Nikifumba macho, naona ule ukuta. Watoto wakinisemesha, sijibu. Nilitamani nisiamke. Hata kuliandika hili naogopa.

Mama mkwe aliniombea. Kaka yangu aliyeko Nairobi, Mmormoni, akawa ananipigia simu jioni. Alinisimulia habari za mzee wao Joseph Sitati, mhandisi kutoka Bungoma, aliyebatizwa pamoja na familia yake mwaka 1986. Wakati huo Kanisa lao lilikuwa halijasajiliwa Kenya. Walisali majumbani, wachache wachache, mpaka usajili ulipopatikana Februari 1991. Mwaka 2001 akawa rais wa kwanza wa kigingi cha Nairobi, yaani mlezi wa matawi mengi, na mwaka 2009 akaitwa katika wale Sabini wanaosaidia kuongoza Kanisa lao, Mwafrika mweusi wa kwanza.

Mimi ni Mkatoliki, vyeo vyao sivijui sana. Ila yale ya kusali sebuleni yalinishika. Nikamwambia mama mkwe: basi hema hili linatutosha.

Tukamwita mama mmoja aliyefiwa. Hatukuimba. Tulimshika mikono, akalia mpaka akachoka, kisha mama mkwe akasali. Kesho yake yule mama alikuja na mwenzake. Tulipotoka kambini tuliendelea kukutana, tukichangiana kodi ya nyumba na mbegu za viazi, na wenzangu wakaniomba niwaongoze.

Mvua ikigonga mabati usiku, bado naamka kuwapapasa watoto vichwani. Wapo. Asante Mungu.

Mpendwa, kama sala haitoki, mwombe aliye karibu akuombee. Jioni hii mwite jirani mmoja, mkae pamoja.