Nafasi Isiyochorwa

Nyumba aliyotuachia babu imo katika Mji Mkongwe wa Unguja, na vyumba vyake ni vyembamba, kama vilivyo vyumba vya nyumba nyingi za mawe za pwani. Wembamba huo haukutokana na ubahili wa waashi. Dari zao zilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo aghalabu upana hauzidi mita 3, hata urefu wa chumba uwe mkubwa namna gani. Kuta nazo, za mawe ya matumbawe na chokaa, zina unene wa nusu mita au zaidi, na ndizo zinazoibeba nyumba. Mtu hawezi kuzichimba atakavyo. Na mji wenyewe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una sheria zake.

Ndani ya nyumba hiyo nilikusudia kutia jiko la kisasa, na choo cha chini kwa ajili ya mama yangu, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kuzikataa ngazi. Nilinunua daftari la mirabaraba, nikapima, nikachora. Chumba cha kupikia kilikuwa na upana wa mita 2.40. Kabati lenye sinki lilitaka sentimita 60. Jokofu, upande wa pili, lilitaka 70. Zikabaki 110, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota.

Kosa langu, msomaji, lilikuwa katika daftari lile kabla fundi hajashika mwiko. Nilichora vyombo vilivyolala. Jokofu lililofungwa ni sanduku. Likifunguliwa huota bawa. Tena jokofu halifanyi baridi, bali huchukua joto lililo ndani yake na kulitupa nje, na letu lililitupa nyuma. Mimi nilikuwa nimelibana ukutani. Mota ikanguruma usiku kucha kama mgonjwa wa pumu, mpaka fundi akanishauri nilivute mbele sentimita 10. Zikabaki 100. Mlango wake wa sentimita 60 ukifunguliwa, zilibaki 40, nafasi ya mtu kupita ubavu ubavu akiwa amezuia pumzi. Na kwa kuwa nililitia pembeni, upande wa bawaba, mlango uligota ukutani mara ulipofika pembe mraba, hali visanduku vya mboga vya chini hutaka mlango ufunguke zaidi ya hapo ndipo vitoke. Tukawa tukitoa bamia moja moja kwa vidole.

Hayo yalichekesha. La choo halikuchekesha.

Choo nilikitia katika ghala iliyokuwa chini ya ngazi. Nilikwisha soma katika vitabu vya ujenzi vya Marekani kwamba kutoka katikati ya kiti cha choo mpaka ukuta wa ubavuni zisipungue sentimita 38, na mbele yake zisipungue 53. Choo changu kilitimiza hesabu zote mbili. Mbele ya kiti kulikuwa na sentimita 80. Mlango, kwa kuwa ushoroba ulikuwa mwembamba, niliuelekeza ndani.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, tulisikia kishindo. Nilikimbia, nikasukuma mlango. Ukafunguka vidole vinne, ukagota juu ya kitu laini. Mama alikuwa ameanguka baina ya mlango na kiti, na kila nilivyosukuma nilimsukuma yeye. Bawaba zilikuwa upande wa ndani, wala bisibisi isingeweza kuzifikia. Kijana wa jirani alivunja ubao wa juu kwa nyundo. Tukampitisha binti yangu mdogo katika tundu, akateremka taratibu, akaikunja miguu ya bibi yake hata mlango ukapata njia. Mkono wa mama ulikuwa umevunjika kifundoni.

“Niwie radhi, mama,” nikamwambia.

“Mwanangu,” akajibu, “umenijengea sanduku.”

Katika wiki ambazo mkono wake ulikuwa ndani ya plasta nilirudia vitabu vyangu kwa haya. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Likatengenezwa kiasi cha 10,000. Upana wake ulikuwa mita 1.9 na urefu mita 3.4. Basi lilikuwa jembamba kuliko langu, na siwezi kuwasingizia waashi wala mikoko. Bibi huyo alihesabu hatua za mpishi na mwendo wa mikono yake, jambo ambalo mimi sikulifanya. Walakini mpishi wake alikuwa mmoja. Katika jiko letu hupika wanawake watatu, na mmoja wao ameketi juu ya mbuzi ya nazi, magoti yamepanuka na sinia iko mbele yake. Hakuna kitabu nilichopata kusoma chenye kipimo cha mbuzi.

Nilimwomba mama aketi juu yake, mkono mmoja kifuani, nikapima kutoka mgongo wake mpaka ukingo wa sinia. Zilikuwa sentimita 115. Yeye alicheka akaniuliza kwa nini sikutumia dhiraa. Swali lake lilinirudia mara nyingi, maana shubiri, dhiraa na pima zote hutoka katika mkono wa mtu.

Kabati mbili tukaziondoa. Moja yake, iliyokwisha kulipiwa, imo uvunguni mwa kitanda changu hata leo. Jokofu limehamia ukumbini, wageni huliona kwanza kuliko wanavyotuona sisi. Seremala aliugeuza mlango wa choo ufunguke nje, akautia komeo linaloweza kufunguliwa kwa sarafu kutoka ushorobani. Alipoutaka mwamba wa mlango upanuliwe, nilimkatalia, kwa ajili ya ukuta. Ushoroba haukupata kuwa mpana kwa sababu hiyo, na mlango umekwisha kunipiga paji la uso mara mbili. Mama, akisikia kishindo, huuliza kutoka ndani, “Nani?”

“Ni mimi, mama.”

“Ngoja basi, natoka.”