Ngozi ya Nyoka Ilificha Ufa wa Upinde Wangu

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba. Niliuziba kwa ngozi ya nyoka, na nusura unigharimu jicho la mwanangu.

Nilizaliwa upande wa Mwingi, katika jamii ya Wakamba ambao sifa zao katika kutumia upinde zinajulikana tangu jadi. Babu yangu alikuwa fundi wa pinde, lakini mimi nilipelekwa shule, na alipofariki sikuwa nimejifunza kuchonga hata mshale mmoja. Nilichokumbuka ni kwamba upinde wake ulikuwa mti mtupu uliong'aa kwa mafuta. Kila mara kabla ya kuutia kamba, aliupitisha kidole gumba mgongoni, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Nilidhani ni mazoea ya wazee tu.

Miaka mingi baadaye nilikwenda masomoni Missouri, Marekani, pamoja na mke wangu na kijana wetu wa miaka 14. Jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, alikuwa akichonga pinde. Alinipa kipande cha mti wa Osage, mti mgumu wa rangi ya manjano unaoitwa kwa jina la wenyeji wa asili wa sehemu hizo, ambao waliutumia kwa pinde zao.

Mzee huyo alinifundisha jambo moja kabla ya yote. Upinde una mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, na una tumbo, yaani upande unaokuelekea wewe. Ukivuta kamba, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Kwa hiyo mgongo sharti ufuate pete moja tu ya mti tangu mwanzo hadi mwisho. Kisu kikiikata pete hiyo, nyuzi za mti hukatika, na hapo ndipo kibanzi huinuka na upinde ukavunjika.

Ukutani kwake alikuwa ametundika pinde zilizovikwa ngozi ya nyoka mwenye njuga mkiani. Zilipendeza ajabu! Nikamuuliza kama ngozi huongeza nguvu. Akacheka. Alinieleza kwamba baadhi ya wenyeji wa asili wa Marekani walikuwa wakibandika kano za wanyama mgongoni mwa upinde kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi. Kano huvutika kuliko mti bila kukatika, na hurudi kwa nguvu, hata upinde mfupi ukaweza kuvutwa sana. Lakini gundi ile hulainika ikipata maji. Ngozi ya nyoka iliyobandikwa juu ilisaidia kukinga unyevu, na kupamba pia. Upinde wangu haukuwa na kano. Kwangu mimi ngozi ingekuwa vazi tu.

Hata hivyo nililitaka vazi hilo. Nilitaka nirudipo nyumbani niwaonyeshe watu kwamba damu ya fundi haijapotea.

Pengine unajiuliza, je, vazi lenyewe halipunguzi mwendo wa mshale? Nilijipimia mwenyewe. Kabla ya kubandika nilipiga mishale kadhaa uwanjani na kuchomeka vijiti ilipoanguka. Baada ya gundi kukauka nilipiga tena, na mishale ikaangukia mle mle kati ya vijiti. Sababu ni kwamba ngozi ya nyoka ni nyembamba na nyepesi. Adui wa mwendo ni uzito, hasa karibu na ncha, kwani ncha ndizo zinazosafiri mbali zaidi upinde unaporudi. Ukipaka gundi nene au ukabandika ngozi nzito hadi nchani, nguvu iliyokusudiwa mshale hutumika kuubeba uzito huo.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Siku ya kubandika, nilipokuwa nikipiga msasa, niliona mahali ambapo kisu changu kilikuwa kimeikata pete. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Niliutazama kwa muda, kisha nikapaka gundi. Mzee alipouona upinde umevishwa, aliusifu, halafu akauliza, "Chini yake kukoje?" Nikamjibu, "Kuzuri."

Jumamosi iliyofuata kijana wangu aliomba naye ajaribu. Alivuta hadi kidevuni. Ukatoka mlio kama wa risasi, na kipande cha juu kikamchapa kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Alishonwa nyuzi 4. Jicho lilipona, namshukuru Mungu. Lakini jioni, bandeji ikiwa kichwani na mama yake amesimama mlangoni, aliniuliza, "Baba, ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwamba nilijua. Sijawahi kutamka neno zito kama hilo katika nyumba yangu.

Ngozi haikuuvunja upinde ule, msomaji. Kosa lake ni kwamba haikuwa na nguvu ya kuushikilia ufa, ilhali ilikuwa na uwezo wa kutosha kuuficha. Hapo ndipo nilipokielewa kidole gumba cha babu. Mgongo ulio wazi husema unapoumia, na mwenye kuupapasa husikia mapema.

Ukitaka upinde wenye urembo, basi utumie kwanza ukiwa mtupu kwa miezi kadhaa. Ukishajua mgongo wake ni mzima, uvishe. Nako kwetu Kenya usiende porini kutafuta nyoka. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 kuwa na ngozi ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Rangi na mafuta vyatosha.

Upinde wa pili nilichonga pamoja na kijana wangu. Hauna pambo lolote. Kila mara kabla ya kuutia kamba huupitisha kidole gumba mgongoni, kutoka ncha hadi ncha, nami humngojea mpaka amalize.