Uzee wa Mabawa ya Jua

Vyombo vingi vya angani havina fundi wa kuvigusa; maradhi yao hujulikana kwa hesabu. Vanguard 1 kilirushwa na Marekani mwaka 1958, kikitumia umeme wa jua. Mwaka 1964 kilinyamaza, na hata leo kingali chaizunguka dunia kimya.

Uzee hutambuliwaje? Umeme upatikanao hulinganishwa na ule utazamiwao, jua likiwa pembe ile ile na joto likiwa lile lile. Ukipungua polepole miaka mingi, aghalabu miali mikali imechakaza mabawa. Ukishuka ghafula, pengine waya umekatika au kijiwe kimepiga. Nami naisifu hesabu hiyo: apimaye mapema hupunguza matumizi kabla giza halijamfikia.