Kutoka Mlimani Hata Mbugani

Nalijenga nyumba yangu ya kwanza katika Usukuma, kusini ya Mwanza, kandokando ya mbuga, ili mama watoto asipate taabu ya maji. Udongo ulikuwa mweusi, wa kupendeza macho. Mvua zilipokuja, ardhi ikavimba. Kiangazi kilipofika, ikafanya nyufa za kuingia mkono, na kuta zangu zikapasuka pamoja nayo.

Jirani yangu mmoja, mzee asiyejua kusoma, akaniambia, "Mwalimu, ulijenga bila kuiuliza ardhi. Kesho twende mlimani."

Basi tukaenda, jembe begani, na mwanangu akachukua karatasi na kalamu. Juu tulikuta mawe makubwa ya itale yaliyobebana. Hayo ndiyo asili ya udongo wa mteremko ule. Jua na mvua huyabandua kidogo kidogo. Maji huchukua chembe laini mpaka chini, na zilizo kubwa hubaki juu.

Kila tulipoona rangi ya ardhi au majani yamebadilika, tulichimba shimo, tukalowesha udongo na kuuviringisha mikononi. Chini kidogo ya mawe ulikuwa mchanga usioshikana. Wasukuma huuita luseni, na hapo hupanda muhogo na karanga. Tuliposhuka zaidi tukafika itogolo: jembe likagonga tabaka ngumu kama sakafu. Maji hayapenyi upesi, kwa hiyo watu hufanya majaruba ya mpunga. Mwisho tukafika mbugani. Huko udongo uliviringika kama kamba pasipo kukatika, na ndani yake mlikuwa na vijiwe vyeupe vya chokaa, kwa maana maji huishusha na kuilimbikiza huko.

Mwanangu akatia alama ya kila shimo mahali pake, akazungushia mstari mashimo yaliyofanana. Hata jioni tulikuwa na ramani ya kijiji chetu.

Baadaye nalisoma habari za Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 1935 aliandika ya kuwa udongo wa nchi zetu hufuatana toka kilele hata bonde kama pete za mnyororo, akauita mfuatano huo kwa neno la Kilatini, catena. Mwaka 1936 ikachapishwa ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki. Nikastaajabu, maana pete zile mzee wangu alikuwa amenitajia moja moja kwa majina yake.

Sasa nyumba yangu iko juu, penye luseni, na kuta zasimama. Mama watoto huenda mbali kidogo kuteka maji, lakini alala bila hofu. Nanyi, ndugu, kabla ya kujenga au kupanda, chimbeni shimo, kisha mwulizeni mzee wa mahali. Kuuliza si ujinga.