Mtu wa Katikati

Baba yangu anakaa Ihumwa, karibu na reli. Mdogo wangu naye anakaa Ihumwa, dakika kumi na tano kwa miguu. Mwaka mzima hawakuongea ila kupitia kwangu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Mdogo wangu aliacha kazi ya ofisini, yenye mshahara na bima, akajifungia chumbani kuandika draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Baba, mstaafu wa reli, aliposikia "draiva" akauliza gari liko wapi. Tulicheka, naye akaona tunamdharau. Tangu hapo nikawa mjumbe. "Mwambie huyo mdogo wako..." "Dada, mpe baba hii elfu hamsini, ila usiseme imetoka kwangu."

Sikuona shida. Mimi ni mwandishi wa habari. Nilikuja Dodoma kuifuata Serikali ilipoanza kuhamia huku. Kuchukua maneno ya huyu na kuyafikisha kwa yule ndiyo kazi inayonilisha.

Siku moja nikamuuliza mdogo wangu, hivi humu ndani unafanya nini hasa? Akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa draiva ya kamera ndogo. Kamera ikipiga picha, akaeleza, picha inakaa kwenye eneo fulani la memori. Skrini inaihitaji. Kwa njia ya kizamani, prosesa inainakili picha kwenda kwa programu, kisha inainakili tena kwenda kwa skrini. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 4, inazidi megabaiti 8. Picha 30 kwa sekunde ni karibu megabaiti 250, na hapo umenakili mara moja tu.

"Prosesa inageuka kuli," akasema.

Ndiyo maana mwaka 2012, toleo la 3.3 la Linux lilikuja na utaratibu uitwao dma-buf. Draiva moja inatoa eneo lake la memori litumiwe na wengine. Programu inapewa namba tu, kama stakabadhi ya mzigo. Inaikabidhi kwa draiva ya pili, na kifaa cha pili kinasoma palepale. Hakuna kilichonakiliwa. Mwaka 2018, toleo la 4.20 likaongeza njia ya kadi mbili kupeana data moja kwa moja, bila hata kupita memori kuu.

"Sasa ugumu uko wapi? Si mnamtoa tu mtu wa katikati?"

Akacheka. "Kumtoa si kazi, dada. Kazi ni yale aliyokuwa anayafanya bila watu kuona."

Prosesa ilipokuwa inanakili, ilisubiri picha ikamilike. Ikiondoka, nani ataiambia skrini kwamba kamera imemaliza kuandika? Bila hivyo utaona nusu ya picha hii na nusu ya ile iliyopita. Kwa hiyo wakaweka alama inayoitwa fensi: usisome mpaka mwenzako aseme amemaliza. Na memori nani aifute? Kunahesabiwa walioishika, na haiachiliwi mpaka wa mwisho aachie. Zile kadi mbili nazo, kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi, inakataa kuziunganisha kama haina uhakika kwamba njia iliyo kati yao inapitisha.

Mimi mtoto wa reli nilielewa kwa reli. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. Behewa la hii halitembei kwenye ile. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya, na hapo katikati lazima awepo mtu. Nikajiona ndiye mimi, na kusema kweli nilijisikia fahari.

Haikudumu. Mwezi Septemba baba alipangiwa upasuaji wa jicho. Akaniambia, "Mwambie aje. Naogopa."

Sijawahi kumsikia baba akisema anaogopa. Neno lilikuwa zito, nikalishika nitafute namna ya kulifikisha. Siku ya kwanza nilikuwa na habari ya kuwahi. Siku ya pili nikaandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena: "Baba ana miadi hospitali Alhamisi. Ukipata nafasi, pita."

Hakupata nafasi. Baba aliingia chumba cha upasuaji akiamini mwanawe amekataa.

Jicho lilipona. Mdogo wangu alipojua, aliniuliza jambo moja tu. "Alisema anaogopa?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka kwa baba. Njiani nikampa masharti, na baba nilikuwa nimeshampa yake kwa simu: habari ya kazi isitajwe kabla ya kula, na mmoja akiongea mwingine asubiri amalize. Kisha nikabaki nje, chini ya mti, na vumbi langu. Nilisikia baba akipandisha sauti. Nilisikia kimya kirefu. Sikuingia.

Bado ananitumia ujumbe unaoanza na "Mwambie huyo mdogo wako". Namjibu neno moja: mpigie.