MAMA WA MATONGO AMPA BINTI NYUMBA, KAKA ZAKE WACHARUKA... KUMBE NA TRA WANA CHAO!

Wadau, kupewa nyumba na mama ni raha, lakini ina makaratasi yake. Stori hii imetoka Matongo, kule Nyamongo wilayani Tarime, kwenye dhahabu. Majina kapuni.

Kuna dada wa huko, yuko Mwanza na mume wake, kazi yake kupamba maharusi. Ukimuona Insta utadhani ameanza maisha juu, kumbe ametoka mbali. Mama yake ni mjane. Miaka ile familia ilipolipwa fidia ya shamba, bi mkubwa hakuzila zote. Alinunua kiwanja Tarime mjini chenye hati, akaanza kujenga nyumba ya vyumba vinne ya kupangisha. Hela ilipokata njiani, binti ndiye aliyetuma ya bati, ya madirisha na ya fundi. Kaka zake wawili walikuwa bize na mambo yao.

Mwaka jana mama akaita kikao nyumbani Matongo. Akasema mji wa kijijini ni wa vijana wake, ila nyumba ya Tarime anampa binti, na anataka ibadilishwe jina angali hai.

Weee! Kikao kikachafuka.

Kaka mkubwa akasema, "Mama, huyu ameolewa. Ukimpa nyumba umewapa ukoo wa watu."

Mama akamjibu taratibu, "Wewe ulioa kwa ng'ombe za nani? Si za mahari ya huyu huyu? Ng'ombe zake zilikuwa za ukoo, ila yeye siyo wa ukoo?"

Kimya. Waliokuwepo wanasema hata kuku walisikika.

Baba mdogo akajaribu kutuliza: "Mama watoto, kwani haraka ya nini? Ukihamisha sasa hivi serikali itakukata kodi. Subirini, siku ikifika itakuwa mirathi, na mirathi haina kodi."

Hapa ndipo penye utamu wa stori, kwa sababu baba mdogo hakudanganya. Tanzania leo hatuna kodi ya urithi. Mtu akifariki, ukoo unakaa, unateua msimamizi, mnaenda Mahakama ya Mwanzo, mali zinagawanywa. Serikali haisemi "nyumba hii ya marehemu, nipeni asilimia kadhaa".

Ila kuna kitu hakukisema. Lile Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 linapanga warithi kwa madaraja, na watoto wa kike wamewekwa daraja la tatu, la mwisho. Kwenye ardhi ya ukoo ndiyo kabisa, anaruhusiwa kuitumia lakini siyo kuiuza. Ni kweli Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, kwenye kesi ya Holaria Pastory wa kule Kagera, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanaume. Lakini Holaria alifika huko kwa kesi, wadau. Wosia nao unasaidia, ila wosia unapingwa, na aliyeuandika anakuwa hayupo kusema "ndiyo, ni mimi niliyetaka".

Kwa hiyo kusubiri kungeokoa kodi, na aliyekuwa hatarini ni binti.

Basi akaenda kuulizia. Akaja dalali mmoja mjanja mjanja wa Tarime: "Dada, andikeni mkataba kwamba mama amekuuzia kwa milioni 5. Kodi inakuwa ya soda."

Msidanganyike na hiyo. Mzazi anapompa mtoto mali bure, au kwa bei ya kindugu, sheria ya kodi ya mapato inahesabu kama vile ameiuza kwa bei ya soko. Mthamini anakuja, anaandika thamani, ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na hiyo ndiyo TRA wanaifanyia kazi. Milioni 5 yako wanaiweka pembeni. Halafu ule mkataba feki siku moja kaka mtu anauchukua anaupeleka mahakamani: "Mheshimiwa, mama alidanganywa, nyumba hii haiuzwi milioni 5!" Umejichimbia shimo mwenyewe.

Haya, tupige hesabu. Tuseme nyumba imethaminiwa milioni 60.

Kodi ya kwanza ni ya ongezeko la mtaji, yaani ile faida. Anayedaiwa ni anayetoa, kwa hiyo ni mama. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani thamani ukitoa gharama za kununua na kujenga zenye ushahidi. Ungekuwa na risiti za milioni 50, faida ni milioni 10, kodi milioni 1. Lakini nani alitunza risiti? Mchanga uliletwa kwa tripu, fundi alilipwa mkononi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anakatwa asilimia 3 ya thamani nzima. Kwa milioni 60 hiyo ni milioni 1.8. Ona risiti zilivyokula laki 8!

Kodi ya pili ni ushuru wa stempu. Asilimia 0.5 kwa laki moja ya kwanza, kisha asilimia 1 kwa inayobaki. Hapo ni shilingi 599,500. Usiuone mdogo ukauruka, maana hati isiyolipiwa stempu mahakamani haipokelewi kama ushahidi.

Jumla karibu milioni 2.4, bado mthamini na mwanasheria. Na bila cheti cha TRA kwamba kodi imelipwa, Msajili wa Hati habadilishi jina.

Kuna unafuu lakini. Nyumba ambayo mzazi mwenyewe anaimiliki miaka mitatu au zaidi, na ameishi humo jumla ya miaka isiyopungua mitatu, haikatwi hiyo kodi ya faida kama faida haizidi milioni 15. Hii ya Tarime ilikuwa ya wapangaji, mama hajawahi kulala hata siku moja. Unafuu ukampita.

Na ule mji wa Matongo? Kule ni ardhi ya kijiji, mambo yanaanzia halmashauri ya kijiji. Mama alitaka muhtasari uandikwe, kila kijana na kipande chake na mipaka yake. Watu wa Nyamongo wanajua kwa nini. Tegesha zote zile mnazozisikia, watu kuwahi kujenga na kupanda ili wathaminiwe, mwisho wa siku hela inafuata jina lililoandikwa kwenye fomu. Jina likiwa la marehemu, ndugu wanatafutana na mapanga.

Mwisho wa stori: mama na binti walichanga, kontrol namba ikatoka, wakalipa. Bi mkubwa aliulizwa kama haumii kutoa mamilioni kwa kitu anachogawa bure. Akasema, "Bora nilipe nikiwa naona. Nikifa watalipana wao kwa wao."

Hati sasa ina jina la binti. Na ile ripoti ya mthamini ameifungia kabatini, kwa sababu siku akiamua kuuza, gharama yake itahesabiwa kuanzia ile milioni 60, siyo sifuri. Kaka mdogo ameshaenda kusalimia na mbuzi. Kaka mkubwa bado hapokei simu ya dada yake.

Wewe mzazi wako yupo? Nyumba anayoishi hati ina jina la nani, na risiti za ujenzi ziko wapi? Muulize kwa heshima, wikiendi hii, mkiwa mnakunywa chai.