Kumbe hakuwa mzembe

Jamani, mkono wangu huu ulimchapa mtoto asiye na kosa.

Nilikwenda kwa dada yangu Kingolwira, pale kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea Dar. Mwanawe wa darasa la pili, jua likizama tu, anatembea kama mlevi. Jioni moja nikamtuma chumvi jikoni. Akakwaa jiko, sufuria ya maharage chini! Nikamzaba mbili. "Mama mdogo, sioni," akalia. Mchana mzima anasoma vitabu, asione saa hizi? Nikajua visingizio. Jirani naye akaja na lake: karogwa, akamuliwe majani machoni. Bahati dada alikataa.

Zahanati wakatuambia ni upungufu wa vitamini A. Surua aliyougua mwezi uliotangulia ilikomba hata kile kidogo alichokuwa nacho. Kutoona gizani ni dalili ya mwanzo. Ukichelewa jicho linakauka, linapata vidonda, na upofu wake hautibiki kirahisi. Akapewa dozi siku ile, kesho yake, na baada ya wiki mbili. Yale matone ya Juni na Desemba mwisho miaka mitano, na huyu ana nane.

Kinachoniuma zaidi, nyuma ya nyumba kuna mpapai na matembele. Vyote vilikuwa vinapanda daladala kwenda kuuzwa Msamvu, mtoto anabaki na ugali maharage. Siku hizi dada anabakiza, na matembele anayaunga kwa mafuta, maana bila mafuta vitamini hiyo haiingii mwilini vizuri.

Juzi nikapiga simu, akapokea mwenyewe. "Mama mdogo, jana usiku nimekwenda dukani peke yangu!"

Nikakosa la kumjibu.